"Niibiwe Nini?" Acha Nikujibu Leo

Wasee, kuna sentensi moja imenichosha kuliko "nisaidie na mia mbili, nitarudisha Ijumaa." Ni hii: "Mimi niibiwe nini? Sina kitu." Utaisikia kila ukimwambia mtu Windows yake ni ya kraki na hiyo kraki inaweza kumuuza. Anacheka, anafungua simu, anakuonyesha salio: shilingi 43. Anasema mdukuzi akija atamhurumia, amtumie ya chapo. Watu wanaangua kicheko na mjadala unaishia hapo.

Kwangu haujaisha. Leo tubishane hadi mwisho, kwa sababu hiyo sentensi ndiyo imefanya laptopu nyingi za hapa mtaani ziwe nyumba zisizo na mlango, na wenye nyumba wanajisifu eti hawahitaji mlango kwa kuwa hawana TV.

Kwanza tuelewane naongea kuhusu nini. Unaenda tao, unanunua laptopu ya ex-UK, tuseme ThinkPad T470 ama HP EliteBook 840 G3. Mashine safi bana, chuma kweli, kibodi tamu. Unamuuliza muuzaji, "Na Windows je?" Anakwambia, "Iko sawa boss. Kila kitu iko ndani. Office, Photoshop, hadi antivairasi nimekuwekea." Swali la kufuata hapo hakuna mtu huuliza: hizo programu zote zimetoka wapi? Photoshop watu huilipia kila mwezi kwa dola. Huyu amekuongezea tu, kama mama mboga anavyokuongezea dania juu ya sukuma.

Mara nyingi jibu ni flashi moja. Flashi hiyo hiyo imeingia kwenye kila laptopu iliyopita kwenye hiyo meza. Ndani kuna Windows iliyokatwakatwa na mtu asiyejulikana ili iwe "nyepesi", na kuna kifaili kidogo cha kuondoa yale maandishi ya "Activate Windows" pale kona ya chini kulia. Hicho kifaili ndicho kraki.

Sasa angalia kinavyofanya kazi, ushangae kwamba tulikubali. Agizo la kwanza la karibu kila kraki ni: zima antivairasi. La pili: ifungue kwa mamlaka ya msimamizi, yaani ipe ruhusa ya kugusa chochote ndani ya mashine. Fikiria mtu usiyemjua anabisha kwako saa tano usiku, anasema, "Funga mbwa kwanza, halafu nipe funguo zote, nimekuletea zawadi." Na wewe unafunga mbwa! Tena unamshukuru.

Najua utaniambia antivairasi inasingizia tu, inaichukia kraki kwa sababu ni kraki. Kuna ukweli hapo, sitakataa. Antivairasi nyingi hupigia kelele kifaa chochote cha kuvunja leseni, kiwe na sumu au kisiwe nayo. Lakini ona hilo linakuacha wapi: kraki safi na kraki yenye sumu zinapigiwa kelele ileile, kwa rangi ileile nyekundu, na wewe umeshajizoesha kubonyeza "ruhusu" kwa zote mbili. Umejifunza kutosikia king'ora. Mwizi angetaka nini zaidi?

Na wanaotengeneza zile zenye sumu si wajinga. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza kisa cha KMSPico, ile kraki ambayo hata mtoto wa fomu tu anaijua kwa jina. Walikuta visakinishi vya bandia vinavyobeba programu ya wizi iitwayo Cryptbot. Kilichonimaliza ni hiki: KMSPico yenyewe pia iliwekwa. Windows inafunguka kweli, maandishi yanatoka kwenye kona kweli, unatabasamu kweli, na nyuma ya pazia Cryptbot inafagia nywila zilizo kwenye kivinjari na pochi za sarafu za kidijitali. Kwa hiyo ile hoja ya "mbona yangu inafanya kazi fiti?" haina uzito wowote. Kufanya kazi fiti ni sehemu ya mpango.

Kuna na wale wajuaji, nawapenda sana, watakaosema wao hawatumii KMSPico, wanatumia skripti ambayo msimbo wake uko wazi, kila mtu anaweza kuusoma. Sawa. Umeusoma? Mstari kwa mstari? Na fundi aliyekuwekea, alichukua ileile, ama aligugo jina akabonyeza tovuti ya kwanza iliyofanana nayo? Msimbo kuwa wazi hakumsaidii mtu aliyepakua nakala ya mtaa wa pili.

Turudi kwa "niibiwe nini."

Wengi bado wanadhani wizi wa akaunti ni jamaa wa hudi anabahatisha nywila gizani. Hiyo ni sinema. Ukiingia Instagram ama Gmail, tovuti inaacha kuki kwenye kivinjari chako, alama ya kusema "huyu tumeshamkagua." Ni kama ule muhuri wanakupiga mkononi kwenye shoo. Ukitoka nje kununua smokie ukarudi, mlinzi haulizi tiketi tena, anaangalia muhuri tu. Programu ya wizi haina haja na tiketi yako. Inanakili muhuri. Mtu aliye mbali sana anaubandika kwenye kivinjari chake na mlinzi anampisha. Mara nyingi hakuna nywila iliyoulizwa wala SMS ya nambari iliyotumwa, hata kama uliwasha ule uthibitishaji wa hatua mbili na ukalala usingizi wa pono.

Kama unadhani hii ni ya washamba, Machi 2023 iliwapata Linus Tech Tips, wale Wakanada wa YouTube ambao kazi yao ni kufundisha dunia kuhusu kompyuta. Mfanyakazi mmoja alifungua kiambatisho kilichojifanya ofa ya udhamini, data za kivinjari zikabebwa, na chaneli yenye mamilioni ya wafuatiliaji ikaanza kurusha matangazo ya utapeli wa kripto yenye sura ya Elon Musk. Wao wana timu nzima, na wana watu ndani ya YouTube wa kupigia simu. Wewe ukiibiwa yako yenye wafuasi 3,000 utampigia nani? Utajaza fomu, utajibiwa na roboti.

Fanya hivi. Fungua folda yako ya Downloads sasa hivi, ushuke hadi chini kabisa. Mimi hufanya hivi na kila rafiki anayeniletea laptopu, na sijawahi kukosa: kitambulisho mbele na nyuma, cheti cha PIN ya KRA, matokeo ya KCSE, barua ya chifu, picha ya pasipoti, taarifa ya M-Pesa ya miezi sita uliyoitishwa na mtu fulani, na CV. CV ndiyo hunisikitisha zaidi, kwa sababu pale mwisho kuna majina na nambari za simu za watu watatu waliokubali kukudhamini. Mwalimu wako wa zamani. Pasta. Mjomba mwenye kazi nzuri. Hao hawakuweka kraki mahali popote.

Ndiyo nakujibu sasa. Unaibiwa jina. Shilingi 43 zako hakuna anayezitaka. Anayetakiwa ni mamako, ambaye akipata ujumbe kutoka kwa akaunti yako saa mbili usiku ukisema umekwama na unahitaji elfu tatu haraka, hatauliza maswali. Anatakiwa yule mteja anayekuamini. Wewe ni daraja tu, na daraja halihitaji kuwa na pesa ili watu walivuke.

Kuna dada mmoja namfahamu, anauza nguo za mitumba kwa Instagram, zile kali za kuchagua moja moja. Peji aliijenga kwa miaka mitatu, anapiga picha mwenyewe, anahariri usiku kwa Photoshop aliyowekewa na fundi. Asubuhi moja akajikuta nje ya akaunti yake. Aliyeingia hakufuta kitu. Alifanya jambo la akili zaidi: aliendelea kuuza. Akapandisha picha zilezile za zamani, akatangaza ofa, akawaambia wateja watume nusu ya pesa kwa nambari mpya. Watu wakatuma, kwa sababu ni yeye, wanamjua, alishawahi kuwaletea mzigo hadi stage. Siku ya nne walianza kumpigia, na wengine hawakupiga, walimjia. Alirudisha pesa za watu kutoka kwa akiba yake mwenyewe, kwa nguo ambazo hakuziuza. Siwezi kuapa mbele ya hakimu kwamba ilikuwa hiyo Photoshop. Lakini hakuwahi kumpa mtu nywila, hakubonyeza linki ya ajabu, na antivairasi yake ilikuwa imezimwa tangu siku aliyonunua laptopu. Yeye alikuwa na nini cha kuibiwa? Alikuwa na peji.

Jambo lingine hunishangaza. Sisi tunajua faragha ni nini tukitaka. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza klabu ya Casa Vera shilingi milioni 1.85 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake, na mtandaoni tulisherehekea, hata mimi nilipiga vigelegele. Haki ni haki. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitakusaidia sana dhidi ya mtu asiye na jina wala anwani ambaye wewe mwenyewe ulimfungia mbwa.

Sasa tuongee pesa, maana najua ndipo tunapoelekea. Leseni ya Windows 11 Home huko Marekani ni dola 139. Hiyo ni karibu elfu 18 za hapa. Kuna watu laptopu yao yote ilikuwa elfu 20. Kumwambia mwanafunzi wa HELB "nunua leseni" ni matusi, na mimi sitatukana mtu. Tena Microsoft wenyewe ndio wamechochea huu moto. Oktoba 14, 2025 walisimamisha masasisho ya bure ya Windows 10, na Windows 11 inataka TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kuendelea. Maana yake ile T470 yako ya kizazi cha saba, yenye RAM GB 16 na SSD, imeambiwa haitoshi. Lakini kale kalaptopu kapya ka Celeron, RAM GB 4 na diski GB 64, ambako kakifungua tabo nne za Chrome kanatoa jasho, hako kanakubaliwa. Manze, hapo mtu akikwambia ni kwa ajili ya usalama wako, unaruhusiwa kucheka.

Kwa hiyo sitetei Microsoft. Sijali kama watakosa hizo dola 139. Hasira yangu ni kwamba tunaikwepa bei yao kwa kulipa kubwa zaidi, na tunaita hiyo ujanja.

Na kuna kitu kitakuuma. Nyingi ya hizo ex-UK zilikuwa za makampuni, na zilinunuliwa zikiwa na Windows halali. Ufunguo wa leseni umeandikwa ndani ya bodi yenyewe. Ukiweka Windows upya kutoka sifuri, kwa faili iliyopakuliwa kwa tovuti ya Microsoft, toleo lilelile ambalo mashine ilikuja nalo, Home kwa Home, Pro kwa Pro, inajifungua yenyewe ikifika kwenye intaneti. Bure. Halali. Yaani kuna watu wametiliwa kraki juu ya mashine yenye leseni yake! Ni kama kuvunja dirisha la nyumba yako na ufunguo uko mfukoni. Fundi alifanya hivyo kwa sababu flashi yake ina toleo moja tu na foleni ni ndefu.

Jikague. Bonyeza Start, andika cmd, ufungue lile dirisha jeusi, kisha uandike slmgr /xpr na ubonyeze Enter. Kitatokea kisanduku. Kikikupa tarehe ya leseni kuisha, tarehe iliyo ndani ya miezi sita, basi Windows yako imefunguliwa kwa njia ya KMS, ambayo hudumu siku 180 halafu hujirudia kimyakimya. Kama laptopu ni ya ofisi ama ya chuo, hiyo ni kawaida, wana seva yao. Kama uliinunua tao na jina la kampuni hakuna, basi kuna kitu ndani ya mashine yako kinajifanya seva. Andika pia slmgr /dli uone njia ya leseni: OEM ni ile iliyokuja na mashine, RETAIL ni iliyonunuliwa dukani, VOLUME_KMSCLIENT ni ile niliyotaja. Ikikwambia imefunguliwa milele usirukeruke bado, kuna kraki zinazotoa jibu hilo pia. Lakini kama jibu ni tarehe, mjadala umefungwa.

Sisemi mafundi ni wezi. Luthuli Avenue kuna watu wanaofufua bodi iliyokufa kwa hadubini na solda, kazi ambayo ng'ambo wangekwambia ununue nyingine. Nawavulia kofia. Ninachodai ni kidogo: mwambie mteja. Sema, "Hii ni kraki, antivairasi nimezima, masasisho nimezima." Ukisikia maneno hayo yakisemwa kwa sauti, utaelewa kwa nini hayasemwi.

Hilo la masasisho nilisogelee kidogo. Wengi huyazima wakihofia kraki itagunduliwa. Mei 2017 WannaCry ilifunga kompyuta duniani kote, hospitali za Uingereza zikarudi kwenye karatasi na kalamu, wagonjwa wakaahirishiwa matibabu. Tundu iliyopitia lilikuwa limezibwa na Microsoft tangu Machi, miezi miwili kabla. Waliopigwa zaidi ni wale ambao hawakuwa wamesasisha. Kama uko kwa Windows 10 halali na mashine inagomewa na 11, kuna masasisho ya ziada ya usalama hadi Oktoba 13, 2026, na kuna njia ya kuyapata bila kulipa ukitumia akaunti ya Microsoft. Angalia kwenye ukurasa wa Windows Update.

Halafu kuna Linux. Naomba usifunge ukurasa.

Najua picha uliyonayo kichwani: maandishi ya kijani, msee mwenye ndevu, hakuna michezo. Lakini simu ya Android iliyo mkononi mwako ina kiini cha Linux, kilekile alichoanza Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Ubuntu ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na hilo jina Mswahili haitaji kamusi: ni utu, ni ndugu ya neno letu. Mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Mwaka 2004! Wengi wetu tulikuwa bado tunanyonya, ama hatujazaliwa kabisa. Halafu leo mtu ananiambia eti hizi si vitu vya huku kwetu.

Kwa T470 yako iliyokataliwa, Linux Mint inakaa vizuri sana. Toleo la 22 litahudumiwa hadi 2029, bila leseni, bila kraki, bila kumfunga mbwa yeyote. Unachukua flashi ya GB 8, unaandika Mint ndani kwa programu inayoitwa Rufus, unawasha mashine kupitia flashi, na unaijaribu yote bila kugusa diski yako. WiFi inashika? Sauti iko? Kibodi iko sawa? Hujapenda? Chomoa flashi, washa upya, uko palepale ulipokuwa. iTax, eCitizen, HELB, Google Docs, YouTube, zote ni kivinjari, na kivinjari ni kilekile. LibreOffice inafungua faili za Word, ingawa mpangilio mara nyingine huteleza, kwa hiyo kazi ya kutuma kwa mhadhiri igeuze PDF kwanza.

Sitakudanganya kuhusu yasiyofanya kazi. Photoshop yenyewe haipo. Valorant haipo. EA FC za karibuni hazichezeki, zile kinga zao dhidi ya ulaghai zinaikataa Linux, na kwa wengi wenu najua hapo ndipo mazungumzo yanavunjika. Sawa, baki kwa Windows, lakini iwe ile ya bodi yako. Picha hariri kwa Photopea ndani ya kivinjari, inafungua hata faili za PSD. Video, DaVinci Resolve ina toleo la bure kwa Windows ambalo watu wanafanyia kazi za kulipwa. Michoro, Inkscape na Krita. 3D, Blender, hiyo hata wenye pesa wanaitumia. Word na Excel zipo bure mtandaoni, na kama chuo chako kimekupa barua pepe, jaribu kuingia nayo kwa Microsoft kabla hujamlipa mtu mia tano akuwekee kitu cha wizi.

Na kuna raha ambayo kraki imetunyima, hii nasema kama mpenzi wa hizi mashine. Kraki inakufanya uogope laptopu yako. Usisasishe, itaharibika. Usiguse hapo, itafunga. Usiingie intaneti wakati inawekwa. Mtu anakaa miaka minne na kompyuta kama amepanga chumba kwa landlord mkali. Lakini ile T470 ukiitoa skrubu za chini inafunguka, RAM ina nafasi mbili, SSD inabadilishwa kwa dakika kumi ukitazama video moja. Jumamosi yako ikiisha hivyo, na uliyoiweka mwenyewe kutoka sifuri ukijua kila kilicho ndani, utaniambia kama bado unataka ile flashi ya duka.

Kama ulifanya slmgr na ukapata tarehe, usianze kwa kufuta. Anza kwa simu yako, au kompyuta nyingine unayoiamini. Badilisha nywila ya barua pepe kwanza, kwa sababu barua pepe ndiyo inayofungua zingine zote, kisha Instagram, Facebook na zingine. Muhimu kuliko nywila: ndani ya mipangilio ya kila akaunti tafuta mahali pa kuondoa vifaa vyote vilivyoingia. Hiyo ndiyo inaua ule muhuri wa mkononi. WhatsApp nayo, ondoa vifaa vilivyounganishwa. Ukifanya haya ukiwa kwenye laptopu ileile yenye kraki, umefanya kazi bure, nywila mpya itasomwa kabla hujamaliza kuiandika.

Ndipo unakili kazi zako kwenye diski ya nje: picha, hati, video. Usinakili programu wala visakinishi, hata kile ambacho unadhani ni safi. Vitambulisho na vyeti vitoe Downloads kabisa. Futa diski yote, weka Windows ya bodi ama Mint, na wakati wa kuweka Mint kubali ile sehemu ya kusimba diski. Kwa Windows Pro washa BitLocker, na ule ufunguo wake wa dharura uandike mahali nje ya laptopu. Bila hiyo, akiiba mashine mtu wa matatu anahitaji flashi tu kusoma kila kitu, nywila yako ya kuingilia haimsumbui.

Menyu ya kuwashia kwa flashi: ThinkPad ni F12, Dell ni F12, HP ni F9. Bonyeza mfululizo mara tu baada ya kuwasha, kabla alama ya kampuni haijapotea. Ukichelewa, zima, jaribu tena.